Wanakujia, Barbra: shajara ya kutafsiri filamu ya wafu kabla ya Halloween

1 Oktoba

Nimeanza leo makusudi. Tarehe kama ya leo mwaka 1968, ukumbi wa Fulton hapa Pittsburgh ulionyesha kwa mara ya kwanza Night of the Living Dead. George Romero na wenzake walikuwa wakiishi kwa kutengeneza matangazo ya televisheni. Wakachangishana, wakaomba huku na kule mpaka zikafika kama dola 114,000, wakatoka na filamu ya watu waliojifungia kwenye nyumba ya shamba huku wafu walao watu wakiwazunguka nje, ambayo mpaka leo, ikiingia Oktoba, watu wanazima taa na kuitazama upya.

Mimi nimeiona mara tano au sita tangu nihamie mji huu. Leo nimeitazama na daftari mapajani, maana mwaka huu nimejipa kazi: usiku wa tarehe 31 nitaionyesha kwenye besmenti yetu huku nikiitafsiri mwenyewe kwa maikrofoni, kama kwenye kibanda umiza.

Kwa asiyepitia huko: kibanda chetu kilikuwa Kirumba, Mwanza. Mabati juu, magunia madirishani kuzuia mwanga, mabenchi yenye misumari ya kula suruali. Kiingilio shilingi 100. Pembeni ya televisheni alikaa dijei na maikrofoni yake, akishusha sauti ya filamu anaingia yeye. Adui akipigwa risasi, dijei anampelekea salamu mama mkwe wake. Uganda wanawaita viijei, kazi ni ileile. Filamu zenyewe nyingi tulishaziona, tulichofuata ni yeye.

Kwa nini hii na si nyingine? Haina mwenyewe. Mwanzoni iliitwa Night of the Flesh Eaters. Msambazaji alipobadilisha jina, alama ya hakimiliki haikuwekwa kwenye jina jipya, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu bila alama ile ilikuwa ya watu wote. Kwa hiyo hakuna wa kunigongea mlango. Nayo ni ya dakika 96 tu, koo langu litahimili.

Kazi ya leo: dakika 11 za mwanzo, makaburini. Johnny anamtania dada yake kwamba wafu wanamfuata. Niliandika "Wanakuja kukuchukua, Barbra", nikaisoma kwa sauti, nikaona nimeharibu. Hivyo ni kama ndugu wamefika uwanja wa ndege na gari. Nimefuta, nimeandika "Wanakujia, Barbra". Ka-herufi hako ka "i" peke yake kananisisimua.

2 Oktoba

Nimekwama kwenye neno moja. Hao wafu waitweje?

Nilianza na "zombi". Mama Neema alikuwa anakunja nguo, hata hakugeuka. "Zombi ni mchezo wa simu wa mwanao. Hainitishi." Kweli tupu. Halafu nimesikiliza tena toka mwanzo hadi mwisho: filamu yenyewe haitamki zombi hata mara moja.

4 Oktoba

Nimesema nifuate neno lilikotoka. White Zombie ya 1932, Bela Lugosi, mwaka mmoja tu baada ya kuwa Dracula. Mambo yanatokea Haiti. Wafu wake hawali mtu, wanafanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha mchawi. Wanasukuma mtambo wa mbao, unalia kriiii, kriiii, hakuna sauti nyingine. Mmoja anateleza na kuanguka ndani ya mtambo. Wenzake hawatazami hata. Wanaendelea kusukuma.

Nilisimama pale sebuleni peke yangu saa sita usiku. Hii si misukule hii? Kila mtoto wa Kanda ya Ziwa anaijua: mtu umemlilia, umemzika, kumbe mchawi kamchukua, kamkata ulimi, anamlisha pumba na kumlimisha usiku. Watengenezaji wa Marekani walichukua habari za Haiti, mimi nimepata habari za bibi yangu.

Filamu yenyewe, nje ya kile kiwanda, inachosha. Wazungu wanazungumza mno na yule bibi harusi anatazama tu ukutani. Lakini zile dakika chache za mtambo zinatosha kulipia usiku mzima.

5 Oktoba

Misukule imekataa. Kwanza, msukule unamhurumia, unataka arudi nyumbani, ukiweza unamwita mganga. Wafu wa Romero unawakimbia. Pili, nikisema misukule, watu watakaa kumsubiri mchawi ajitokeze, na kwenye filamu hii mchawi hayupo. Ndiyo ubaya wake.

Tatu ni Papa Amani, jirani yetu wa nyumba ya pili, mtu wa Uvira, Kongo. "Musukule ni nini?" Nikauliza na Wakenya wawili wa zamu yangu kazini, nao wakatikisa kichwa. Papa Amani akasema sema tu bafu, kwao wafu ni bafu. Kwangu bafu ni pa kuogea. Usiku wa Bafu Lililo Hai. Tulicheka mpaka Mama Amani akachungulia dirishani.

9 Oktoba

Siku ya mazoezi. Kwa dijei hakuna shule kama filamu bubu, kwa hiyo nimechukua Nosferatu ya Murnau, 1922. Wajapani enzi hizo walikuwa na benshi, mtu anayesimama kando ya kitambaa na kuisimulia filamu yote kwa mdomo, na wengine walikuwa na majina makubwa mpaka watu wakawa wanakuja kwa ajili yao. Kwa maneno mengine Kirumba ilikuwa Tokyo bila kujijua.

Hii filamu ilinusurika tundu la sindano. Waliotengeneza walichukua Dracula, riwaya ya Bram Stoker, bila ruhusa, mjane wake akawashtaki, mahakama Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Chache zikapona. Na jambo ambalo leo kila mtoto anakwambia, kwamba mnyonya damu akipigwa na jua anakwisha, limeanzia humu. Dracula wa Stoker anatembea mchana kama mimi na wewe.

Nimesimulia yote mbele ya viti vitupu na simu ikirekodi. Nimesikiliza. Aibu. Kile kivuli chenye kucha kinapanda ngazi ukutani, picha ambayo ingemnyamazisha hata mnadi wa mitumba, na sauti yangu inasikika ikisema: "Kivuli kinapanda ngazi." Nimepitia daftari na kufuta kila sentensi inayoanza na anapanda, anafungua, anakimbia. Watu wana macho.

11 Oktoba

Cat People, 1942. Jacques Tourneur ameongoza, mtayarishaji ni Val Lewton. Pesa hawakuwa nazo za kuonyesha chui mtu, basi wakaamua kutomwonyesha. Mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta mrefu, visigino vinalia ko, ko, ko. Nyuma kuna visigino vingine. Kisha vile vya nyuma vinanyamaza. Anaharakisha, anageuka, hakuna mtu. Pale unapongoja chui, kitu kinapuliza SHAAA na kuingia kwenye picha kutoka kulia: basi la abiria, linafunga breki.

Nimelirudia basi lile mara nane. Mpaka leo mafundi wa filamu wanauita mtego huo basi la Lewton. Nikajiuliza dijei wa Kirumba angefanya nini hapo, na jibu ni kwamba angeongea. Angetania visigino vya dada wa watu, na basi lingepita kama daladala yoyote.

Nimeongeza alama mpya kwenye daftari, duara jekundu: HAPA FUNGA MDOMO. Mpaka sasa maduara ni manne.

13 Oktoba

Plan 9 from Outer Space, kupumzisha kichwa. Lugosi alifariki 1956, mwongozaji Ed Wood akawa na vipande vichache tu alivyompiga picha. Nafasi yake ikazibwa na tabibu wa mgongo wa mke wa Wood, mrefu kuliko marehemu, koti kaliinua mpaka machoni filamu nzima. Neema (16) alilia kwa kucheka. Kwenye daftari sijaandika chochote.

16 Oktoba

Neno, tena. Redio na televisheni ndani ya filamu zinatumia neno "ghoul", na neno hilo Waingereza wamelitoa kwa Waarabu, ghul, jini la nyikani linalokula watu. Nikaona basi njia imefunguka: sisi tuna zimwi! Linakula watu tangu ngano za kwanza. Nimekaa mpaka saa nane usiku nikibadilisha kila mahali kuwa mazimwi.

Mama Neema, asubuhi: "Zimwi ni la kutishia watoto wasiotaka kulala." Nikabisha. Halafu nikafika dakika za mwisho, Johnny anarudi akiwa mfu, anaingia na kundi, anamshika Barbra dada yake na kumvuta nje. Na msemo ukaja wenyewe: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwenye filamu hii linakula na likakwisha. Chini kule mtoto Karen anamwua mama yake kwa mwiko wa bustani, baba naye anatafunwa. Wanaokujua ndio wanaokumaliza. Nikilisema neno zimwi, wazee wote besmenti nzima watakamilisha methali mioyoni, na filamu itawapiga hapohapo. Ninaipenda hiyo.

Ila sarufi imenikwaza. "Mazimwi yanakuja." Ya-, ya-, kama magari, kama mawe. Johnny ni "a-". Nikisema "Johnny linamvuta Barbra" watu watacheka. Nimejaribu maiti: maiti huyu au maiti hii? Magazeti yenyewe hayajakubaliana.

17 Oktoba

Nimeangalia filamu inafanyaje. Mwanzoni ni mtu tu, mzee anayeyumbayumba makaburini. Redio inasema wauaji wasiojulikana. Ben, shujaa wa filamu, anasema "vile vitu". Jina linakuja wamechelewa sana. Kwa hiyo na mimi sitawapa jina. Nitasema "wale". Wale wako nje. Wale wanaogopa moto. Ngeli ya watu, lakini kidole kimenyooshwa mbali. Nimemsomea Mama Neema ukurasa mmoja, ameinuka akafunga pazia la jikoni. Limepita.

19 Oktoba

Jumapili, tumekwenda Evans City, kama kilomita 48 kaskazini. Makaburi yako juu ya mlima mdogo na barabara inapanda kwa kujikunja, ileile gari la Johnny linapopanda mwanzoni. Kikanisa bado kipo, kimekarabatiwa. Ni kadogo mno! Kwenye filamu kilionekana kina mamlaka fulani, hapa ni kama banda la mlinzi. Majani ya rangi ya manjano, upepo, mzee mmoja na mbwa. Neema alinyemelea nyuma yangu na kuninong'oneza "Wanakujia, baba". Nimemwambia makaburini hapachezewi, nikasikia ninavyosema sawa na watu wa kwenye filamu.

Ile nyumba ya shamba haipo. Walipewa waitumie kwa kuwa ilikuwa ikisubiri kubomolewa, wakaivunja watakavyo. Damu ilikuwa shira ya chokoleti, kama kwenye Psycho ya 1960. Kwa nyeusi na nyeupe nani atajua. Na nyama wanayotafuna wale ililetwa na mwenye bucha, mmoja wa waliochangia pesa.

Njiani kurudi nilimweleza Neema habari za Duane Jones, aliyecheza Ben. Mtu mweusi, ndiye mwenye akili kuliko wote ndani ya nyumba, na hakuna hata mmoja anayetaja rangi yake. Romero alisema siku zote kwamba alimchukua kwa sababu alifanya majaribio vizuri kuliko wengine. Filamu ilipokwisha waliipakia kwenye gari kwenda New York kutafuta msambazaji, na njiani redio ikatangaza Martin Luther King amepigwa risasi. 4 Aprili 1968. Neema alikaa kimya, kisha akauliza, "Na Ben anakufaje?" Hajafika mwisho hata mara moja, huwa analala. Sikumwambia.

24 Oktoba

Jaribio kamili la kwanza. Vibaya. Nimekauka koo dakika ya 40, na kila nikishusha sauti ili niongee, woga unakatika kama umeme wa mgao. Muziki wao wenyewe ni wa kununua kwenye maktaba ya muziki, vipande vilivyotumika kwingine, lakini ndio unaoshika shingo.

Jioni nimeweka Halloween ya John Carpenter (1978) nione muziki unafanya nini. Alimwonyesha mkubwa mmoja wa studio filamu ikiwa haina muziki, mama yule hakutishika hata kidogo. Akaenda akaupiga mwenyewe, mapigo matano kwa matano, mdundo aliofundishwa na baba yake kwenye ngoma ndogo za bongo. Jaribu kuupigia meza vidole, utajikuta unangoja pigo la sita ambalo haliji. Barakoa ni ya Captain Kirk, ya chini ya dola 2, wameipaka rangi nyeupe. Majani makavu yamepakwa rangi pia, maana walipiga picha California majira ya kuchipua, na wakimaliza wanayaokota kwenye mifuko wayamwage tena mtaa mwingine.

Uamuzi: sauti ya filamu haishuki chini ya nusu. Nitaongea kwenye mapengo. Maneno yamepungua kutoka kurasa 41 hadi 26. Maduara mekundu sasa 15.

Sherifu anapoulizwa kama wale ni wazito kutembea, anajibu kwamba wamekufa, wameharibika kabisa. Nimejaribu namna sita. Nimebaki na "Ah, wamekufa hao. Wamechakaa." Hii nitaisema kwa sauti ya konda.

29 Oktoba

Projekta nimeazima kazini kwa mtu. Kitambaa ni shuka jeupe la Mama Neema la wageni, kwa masharti. Spika mbili. Maikrofoni inakoroma ukiisogeza karibu na boila, kwa hiyo dijei atakaa kwenye ngazi.

31 Oktoba (naandika saa nane usiku)

Kuanzia saa kumi na moja na nusu mtaa ulijaa watoto, wachawi, mifupa, buibui mmoja wa kubebwa. Pipi ziliisha mapema, Mama Neema akaanza kugawa karanga. Saa mbili tukashuka chini. Watu 17. Wadogo walibaki juu na katuni.

Mwanzo ulikwenda kama Kirumba. "Wanakujia, Barbra" ilirudiwa na vijana wote. Mama mmoja wa Burundi alimsonya Johnny kwa kuchezea makaburi, na Johnny alipoangushwa akasema "Haya sasa."

Kisha ukaja ule ubishi. Harry, baba yake Karen, anataka wote wajifungie chumba cha chini. Ben anasema chini ni mtego. Nilikuwa na maneno mazuri pale, ya kuchekesha. Sikuyasema, maana besmenti yenyewe ilishaanza kubishana. Papa Amani: "Asishuke. Chini iko mulango mumoja." Mama wa Burundi: watoto wakae chini, wakubwa juu, kimya, bila taa. Mwingine akauliza kuna dirisha la nyuma? Waliulizana kwa sauti ndogo, kama watu wanaokumbushana njia. Na sisi wenyewe tulikuwa chini, mlango mmoja. Nilizima maikrofoni dakika kama mbili, hakuna aliyegundua.

Hapo ningeelewa. Sikuelewa. Televisheni kwenye filamu inapoonyesha miji yenye vituo vya kukimbilia, nilikuwa nimeandaa kichekesho cha kidijei: nimebadilisha miji kuwa Igoma, Buhongwa, Kirumba. Nimekisema. Mkenya mmoja alicheka, akaacha. Orodha ya vituo vya kukimbilia! Nimeishi jirani na watu hawa miaka minne.

Asubuhi ya filamu ilipofika, wanaume wenye bunduki wakaja wamejipanga shambani, mbwa, helikopta juu. Mama Amani akasimama, akawashika mabinti zake wawili mkono, wakapanda ngazi. Wamenipita nilipokaa. Alinigusa bega tu.

"Wamechakaa" niliisema kwa sauti ya kawaida. Konda sikumwita.

Ben anatoka chini, anasogea dirishani. Risasi. "Haya, mwingine huyo wa kuchomwa." Halafu zinakuja zile picha mnato, kulabu za nyama, mwili unaburutwa, kuni. Nilikuwa nimeandika sentensi tatu, na duara sikuchora. Nimeweka maikrofoni kwenye ngazi.

Neema ndiye aliyeuliza, safari hii hakulala. "Lakini si alikuwa mtu?"

Papa Amani, bila kugeuka: "Balizani ni mumoja wa bale."

1 Novemba

Projekta imerudi kwa mwenyewe. Shuka limefuliwa, alama ya chai haijatoka, masharti yanatekelezwa jioni.

Nimekwenda kwa Mama Amani na maandazi kuomba radhi. Amecheka, amesema hakuna neno, watoto walikuwa na usingizi. Papa Amani alinisindikiza mpaka getini. Mwaka ujao, akasema, tafuta ya mashetani tu, isiyo na bunduki. Nikamwambia ipo moja ya Wajerumani, ya zamani sana, haina hata sauti: meli, panya, na mtu mwenye kucha ndefu.

"Na inaisha namna gani?"

Jua linachomoza, nikamwambia.